Nuru ya Mzee Faki na Miko ya Bi Mize

Wanangu mnaosomea dawa, nasikia siku hizi mkitaka kujua kama dawa mbili zinagombana mnabonyeza simu, nayo inakujibuni papo hapo. Hongereni. Sisi tulikuwa tukimtazama mgonjwa. Akitapika, zimegombana.

Nilikuwa mtoa dawa Mtambile, kusini mwa Pemba, miaka ile ya mwisho ya hamsini na mwanzo wa sitini. Dispensa, ndivyo tulivyoitwa, na jina tulilipenda kwa sababu lilikuja na koti jeupe. Dispensari yetu ilikuwa na chumba cha vidonda, chumba cha dawa na benchi moja ambalo wagonjwa walilikalia kwa kubanana mpaka wa mwisho akawa nusu yake iko nje. Daktari alikaa Chake, akitujia mara moja kwa wiki, barabara ikimruhusu. Siku nyingine zote daktari wetu alikuwa Bwana Hemedi.

Bwana Hemedi alikuwa mkubwa wangu wa kazi, mtu wa Madungu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinifundisha kwa kunikataza. Usihesabu vidonge kwa vidole, tumia kisu na sahani. Usimpe mtu dawa ya moyo kabla hujamshika kifundo cha mkono ukasikiliza mshipa. Usimwambie mtu "kunywa mara tatu" ukanyamaza, mwambie baada ya swala gani, kwa sababu saa hana lakini swala anayo. Kwa hivyo wagonjwa wetu wakinywa dawa baada ya alfajiri, adhuhuri na magharibi, na asiyeswali tukimjua kwa vidonge vilivyobaki.

Alikuwa na neno lake moja ambalo kwanza nililiona la kipuuzi. Akisema: dawa haijui imetumwa wapi. Nilifikiri dawa ya kichwa huenda kichwani na ya moyo moyoni, kama barua. Kumbe dawa huzunguka mwili mzima na damu, na kila mlango inaopita hugonga. Mlango uliokusudia ukifunguka, unaita matibabu. Ukifunguka mwingine, unaita madhara. Dawa yenyewe haijui tofauti.

Nilikuja kumwelewa kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja wa Mkoani aliyekuwa na presha. Alikuwa mtu wa kugombana na wachukuzi, na wateja, na mvua ikinyesha. Daktari akamwanzishia reserpini, dawa iliyokuwa mpya kwetu, inayopunguza zile kemikali ambazo mishipa ya fahamu huzitumia kupelekeana habari. Mishipa ya damu ikikosa habari za kujibana, hulegea, na presha hushuka. Yake ilishuka vizuri sana. Pua ikaziba kidogo, jambo ambalo tulilitarajia. Kisha akaacha kugombana. Kisha akaacha kufungua duka. Akawa anakaa ndani anatazama ukuta na machozi yanamtoka, na akiulizwa analilia nini hajui. Kichwa nacho kinatumia kemikali zilezile, na dawa ilikuwa imegonga mlango huo pia.

Tulipomwambia mkewe kwamba dawa hii itabidi tuiondoe, aliuliza kwa adabu kama haiwezekani kuiacha ileile lakini tukapunguza kile kilio tu. Tuliiondoa. Baada ya wiki kadhaa yule bwana alikuja mwenyewe dispensari kututukana, kwamba tumemfungia duka na wateja wamehama. Bwana Hemedi alimsikiliza mpaka mwisho kwa furaha kubwa.

Na mchukuzi mmoja wa bandarini, mwenye kifafa, tulimpa fenobabitoni. Hii hutuliza ubongo, zile cheche zinazowaka ovyo zikapoa, na degedege likatulia. Ikituliza ubongo humpa mtu na usingizi pia. Mchukuzi huyu alikuwa na ndugu asiyelala, na kwetu huwezi kuwa na kitu kizuri ukamnyima ndugu. Wakagawana. Ndugu alilala hata meli ya Unguja aliyokuwa aisafirie ikaondoka. Mwenye dawa zikamwishia kabla ya siku zake, akakaa bila, na kifafa kikamrudia kwa nguvu kuliko mwanzo, kwani ubongo uliozoea kushikwa hautaki kuachwa ghafla. Tangu hapo kila nikitoa fenobabitoni huuliza: una ndugu?

Lakini nilitaka kukusimulieni habari ya Mzee Faki, na kabla ya hapo lazima mjue habari ya miko.

Pemba, mtu akipewa dawa, kitu cha kwanza anauliza miko yake. Dawa ya mizizi ina miko: usile pweza, usivuke maji, usiguse majivu. Dawa isiyo na miko haiheshimiwi, maana kitu cha nguvu lazima kiwe na masharti. Daktari wetu hakulipenda neno hilo hata kidogo. Alitukusanya akatuambia hii ni dispensari ya serikali, dawa zetu hazina miko, na atakayelitaja neno hilo mbele ya mgonjwa atajikuta amehamishwa. Tukaitika. Kisha tukamsikia mwenyewe akiwaambia wenye miguu kuvimba: usile chumvi.

Mzee Faki alikuwa mmoja wao. Alikuwa mkulima wa mikarafuu na muadhini wa msikiti wa kijijini kwake, mwendo mfupi kutoka Mtambile. Sauti yake, wanangu, sijapata kuisikia nyingine mfano wake. Watu waliokuwa shambani wakiteremka mikarafuuni kwa sauti ile hata kama hawakunuia. Kisha moyo wake ukachoka. Miguu ikavimba, akawa halali ila amekaa, na siku moja pumzi ilimkatika katikati ya adhana, akashindwa kuimaliza. Aliyeshika nafasi yake alikuwa mtu mwema mwenye sauti ya mbuzi. Mzee Faki alikuwa akiisikiliza kutoka kitandani na kugeukia ukutani. Alipokuja kwetu hakusema nataka kupona. Alisema nataka kuadhini kabla sijafa.

Moyo uliochoka hupiga haraka na kidogokidogo, kama mtu aliyechoka anayetwanga kwa ncha ya mchi. Makelele mengi, unga hakuna. Dijitalisi, dawa itokanayo na jani, huufanya utwange polepole na kwa nguvu. Ni dawa nzuri, lakini kati ya dozi inayoponya na dozi inayoua kuna kijia chembamba. Ndiyo maana Bwana Hemedi hakuitoa bila ya kushika mshipa, na mshipa ukiwa chini ya sitini kwa dakika mgonjwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Pamoja na hiyo daktari akampa dawa mpya ya kukojoza, ya kidonge. Kabla yake tulikuwa na sindano ya zebaki ya matakoni, ambayo wagonjwa walikuwa wakiikimbia na uvimbe wao. Kidonge kilipokuja tulishukuru sote.

Aliyekuja kuchukua dawa alikuwa mkewe, Bi Mize, mwanamke mfupi, mwenye akili kali na mapenzi makubwa kwa mumewe. Aliuliza miko. Tukamwambia hakuna, ila asile chumvi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa zaidi ya alichoambiwa.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mzee Faki alikojoa, miguu ikanywea, akalala ubavu. Kisha tukajisahau, kwani Bi Mize alikuwa akija kuchukua vidonge akisema mzee hajambo, naye akiogopa kumtembeza njiani. Bwana Hemedi akanung'unika kuhusu ule mshipa asioushika, akasema wiki ijayo lazima aletwe.

Wiki hiyo haijafika, nikasikia dukani Mtambile kwamba Mzee Faki amekuwa walii.

Mwenye duka alinisimulia kwa sauti ya chini, kwa heshima. Mzee Faki hali tena chakula cha dunia, akionyeshwa samaki anageuza uso. Kila chombo na kila ukuta anauona una rangi ya dhahabu, na karabai la msikitini, walipombeba kwenda kuswali, aliliona limezungukwa na duara la nuru. Watu wakawa wanakwenda kwake na chupa za maji awasomee. Mmoja alitembea kutoka upande wa pili wa kisiwa kuombewa mikarafuu yake izae.

Nilirudi dispensari nikimsimulia Bwana Hemedi huku nacheka. Yeye hakucheka. Aliweka chini kijiko alichokuwa akikorogea dawa ya kikohozi, akaniuliza kama anatapika. Nikasema ndiyo, wanasema anatoa uchafu wa dunia. Akavaa koti.

Tulikwenda kwa baiskeli moja, mimi napiga pedeli na yeye amekaa kwenye keria, akiniambia njia nzima niongeze mwendo. Nyumba ya Mzee Faki ilikuwa na watu mpaka uani. Tulipojipenyeza tuliambiwa tufuate foleni.

Mzee Faki alikuwa amelala, mdomo umekauka, amenyong'onyea. Hakuonekana kufurahia uwalii. Aliniambia kwa taabu kwamba kila kitu kimekuwa manjano kama kilichopakwa bizari, hata uso wa mkewe, na kwamba anachukia harufu ya chakula. Bwana Hemedi akamshika kifundo cha mkono, akatoa saa yake. Kisha akanipa mimi nishike. Mshipa ulipiga, ukapiga wa pili juu yake, ukanyamaza. Ulinyamaza kwa muda ambao nilidhani amekufa mikononi mwangu. Halafu ukapiga tena. Niliogopa, sioni haya kusema, niliogopa sana.

Nuru ile, wanangu, ilikuwa imetoka dispensari. Dijitalisi ikizidi mwilini, mtu hupoteza hamu ya kula, hutapika, huona manjano na kijani na maduara kwenye taa, na moyo huanza kusita. Dalili zote nne alikuwa nazo, na tatu za mwanzo kijiji kilikuwa kimezipa tafsiri ya heshima. Bwana Hemedi akauliza anakunywa vidonge vingapi. Bi Mize akajibu vilevile tulivyomwambia, si zaidi hata kimoja, na vilivyobaki akatuonyesha. Hesabu ilikuwa sawa. Mkubwa wangu akavihesabu tena, kimoja kimoja.

Tuliviondoa vidonge vyote, tukamtia mzee kwenye lori la karafuu lililokuwa likienda Chake. Waliokuja na chupa za maji walitulaumu. Bibi mmoja alituuliza kama hatumwogopi Mungu, kumchukua mja wake mwema na kumpakia juu ya magunia.

Daktari alimpima, akamsikiliza moyo, akasema maneno yaleyale ya Bwana Hemedi kwa Kiingereza. Kisha akamgeukia Bi Mize akamwuliza mgonjwa anakula nini. Bi Mize alikuwa akiingojea siku hiyo. Alisimama vizuri, akavuta kanga yake, akaeleza.

"Mlisema asile chumvi, dakitari, maana chumvi yaweka maji mwilini. Nami nikafanya kiyasi, nikalinganisha jambo na jambo. Kama chumvi yaweka maji, basi maji yenyewe je? Nikamkataza madafu. Nikamkataza ndizi, zina baridi. Nikamkataza mboga za majani, nazo ni maji matupu. Machungwa n'likataza mwanzo kabisa. Hajaonja hata kimoja tangu aanze dawa zenu, na akizidi kuumwa, mie nazidi kukaza."

Daktari alikishika kichwa chake kwa mikono miwili.

Nikuelezeni kwa nini. Kidonge cha kukojoza hakitoi maji peke yake. Kikifungua mlango wa maji, chumvi nyingine iitwayo potasiamu hutoka nayo. Potasiamu ndiyo inayoizuia dijitalisi isiung'ate moyo kupita kiasi, zote mbili zikigombea kiti kimoja. Ikipungua, dozi ileile iliyokuwa dawa juzi, leo inakuwa sumu, na hukuongeza hata kidonge. Na potasiamu inakaa wapi? Kwenye madafu, kwenye ndizi, kwenye mboga za majani, kwenye machungwa. Yaani Mungu alikuwa ametuoteshea dawa ya kutulinda na dawa yetu mpaka milangoni, na Bi Mize, kwa mapenzi yake na akili yake, alikuwa ameichagua yote moja moja akaifungia nje. Mwanachuoni asingefanya kiyasi safi kuliko kile. Kilikuwa na kosa moja tu, kwamba kilikuwa kinamuua mumewe.

Mchanganyiko wa potasiamu wa chupa ulikuwa haupo, umeagizwa Unguja. Daktari akasema basi mgonjwa apewe madafu na ndizi, kuanzia sasa. Bi Mize akakataa. Alikataa kwa adabu, lakini alikataa. Alisema yeye hakumlea mumewe hivi kwa shida yote ile ili aje amzamishe kwa maji ya dafu siku moja, kwa sababu daktari amechoka. Daktari akaeleza tena, kwa sauti ya juu zaidi, habari za potasiamu. Bi Mize akamsikiliza kama unavyomsikiliza mgeni asiyejua mji. Na mzee pale kitandani mshipa wake unapiga, unapiga juu yake, unanyamaza.

Bwana Hemedi akakohoa. Akasogea mbele ya Bi Mize, akainama kidogo.

"Bi Mize," akasema, "kuanzia leo dozi ya mzee inabadilishwa. Dozi hii mpya ina miko. Ni mwiko mgonjwa kulala hajanywa dafu. Na ni mwiko chakula chake kikose ndizi."

Daktari aligeukia dirishani, akatazama nje kwa makini kama kuna kitu kinapita. Hakikuwa kinapita kitu.

Bi Mize akamtazama Bwana Hemedi usoni. Akauliza, "Na ukivunjwa?"

"Ataona manjano tena."

Kila neno lilikuwa kweli, wanangu, liangalieni vizuri. Bi Mize akatoka bila kuaga, na kabla ya alasiri alirudi na mtu amebeba madafu begani. Alimnywesha mumewe mwenyewe, kwa kijiko, kama mtoto.

Msije mkatoka hapa mkamnywesha madafu kila mwenye moyo mbovu. Mwenye figo zilizochoka hawezi kuitoa potasiamu ikizidi, na dafu hilohilo litausimamisha moyo wake. Dafu nalo halijui limetumwa wapi. Mzee Faki figo zake zilikuwa nzima, na daktari alimkagua kabla.

Manjano yalimtoka polepole. Kwanza aliuona uso wa mkewe rangi yake, akasema alhamdulillahi, kisha akaomba samaki. Walii akafa hapo, akabaki Mzee Faki. Alirudi kijijini na dozi ndogo, na kila wiki Bwana Hemedi alimshika mshipa, hakuna tena kutumiana vidonge. Mikarafuu ikazaa sana msimu ule, na yule aliyetembea kuombewa akawa anasema miaka yote tulimharibia walii, bila hivyo ingezaa zaidi.

Siku aliyoadhini tena nilikuwa dispensari nahesabu vidonge. Sauti ilikuwa imepungua, haikufika mbali kama zamani, lakini ilifika mwisho. Bwana Hemedi aliacha kuandika. Nililia juu ya sahani ya dawa, ikabidi vile vidonge nivitupe.

Baadaye, mimi na Bwana Hemedi na daktari tulikubaliana jambo moja bila kikao. Bi Mize asiambiwe kamwe kwamba miko yake ndiyo iliyotaka kumuua mumewe. Aliyeuliza aliambiwa dozi ya kwanza ilikuwa na nguvu mno. Miaka ilipita, serikali ikabadilika, Bwana Hemedi akatangulia mbele ya haki, na Mzee Faki naye akafa uzeeni, usingizini, akiwa ameadhini alfajiri ya jana yake. Siri tukaitunza, na nilijiona mtu mstaarabu kwa kuitunza.

Nilipostaafu nilikwenda kumsalimu Bi Mize. Alikuwa ameshapinda mgongo lakini ulimi ni uleule. Alinikaribisha barazani, akashika panga na dafu, na huku analichonga akaniambia bila kunitazama:

"Mwanangu, dakitari alivyokishika kichwa siku ile, ntu mzima mie nisijue? Nilijua palepale. Nikatoka nje kutafuta madafu, nikalia njia nzima, nikamaliza. Niliporudi nikakuonani mwahangaika kunisitiri, nikasema nami nikusitirini. Nyie ni wasomi, aibu ingekukaeni vibaya."

Akalipasua dafu, maji yakaruka kidogo.

"Ila moja limenikaa hapa," akasema, akajigusa kifuani. "Zile siku zote naja kuchukua vidonge, mbona hapana hata mmoja aliyeniuliza mume wangu anakula nini?"

Akanipa dafu. Nikalinywa polepole mno, kwa sababu nikilimaliza ingenibidi nijibu.